Siku Mama Bima Alipokataa Kuuza

Jina lake halisi watu walikuwa wameshalisahau. Mtaani walimwita Mama Bima, na jina hilo lilimtangulia kokote alikokwenda. "Jamani, Mama Bima huyoo!" Hapo utaona mlango unaegeshwa, aliyekuwa anafua anakumbuka ghafla kwamba sabuni imemwishia, na mwingine anaweka simu sikioni na kuanza kuzungumza na mtu ambaye hayupo. Siku moja simu ya jirani mmoja iliita ikiwa hapo hapo sikioni, katikati ya mazungumzo yake ya uongo. Mama Bima akageuza uso pembeni asimwaibishe, akapita.

Hakuwalaumu. Hata yeye angejikimbia kama angeweza.

Kazi yake ilikuwa kuuza bima ya maisha, na haikuwa na mshahara. Ukiuza, unapata kamisheni. Usipouza, unapata mazoezi ya miguu. Alikuwa ameifanya kwa miaka mitatu, tangu duka ambamo alikuwa akikaa kwenye kaunta lilipofungwa. Siku alipoingia ofisini kwa mara ya kwanza alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuvuta hewa. Aliyempokea alikuwa kiongozi wa timu, mama wa makamo aliyesimama wima kama mlingoti, ambaye mawakala wote walimwita Kamanda. Kamanda alimweka mbele ya kiti kitupu akamwambia, "Kiuzie hicho kiti bima."

"Kiti?"

"Kiti. Hakitakukatisha, hakitakutukana, hakitakwambia uje kesho. Ukishindwa kukiuzia kiti, binadamu utamwezea wapi?"

Basi akakiuzia kiti bima wiki nzima, wenzake wakicheka mpaka wanashika mbavu. Kufikia Ijumaa sauti ilikuwa imetoka. Haikurudi tena ilikokuwa imejificha.

Kila asubuhi mawakala walisimama kwa duara, wakapiga makofi na kuitikia maneno ya Kamanda: "Mwenda bure?" "Si mkaa bure!" Kisha wakatawanyika. Kamanda mwenyewe alikula kutokana na walichouza wao, kila wakala na kasehemu kake. Kwa hiyo wakala akichoka, na Kamanda alilala na njaa kidogo. Ndiyo maana wengi walioacha kazi ile hawakuaga. Ungekuja asubuhi ukaambiwa fulani haonekani, simu yake haipatikani, na duara likasogea kuziba pengo.

Mwaka wa kwanza Mama Bima aliwauzia ndugu. Mwaka wa pili akauzia majirani na ndugu wa majirani. Mwaka wa tatu hapakuwa na mtu aliyebaki ila wageni na wale waliokwisha kumkatalia, na kati ya hao waliomkatalia hakuna aliyemzidi fundi makochi wa barabara ya nyuma, mzee aliyeitwa Pilipili.

Hakupewa jina hilo kwa bahati mbaya. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu: kochi lililopasuka tumbo, springi nje, alilirudisha likawa jipya kuliko lilivyotoka dukani. Lakini mdomo! Mteja akiuliza "Fundi, bado tu?" alijibiwa, "Kama una haraka kaa chini, sakafu ipo tayari." Wateja waliondoka wakisonya. Mama Bima yeye hakuondoka. Kila wiki alipita kwenye karakana ile, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa kivulini, akaeleza habari za bima, na kila wiki Pilipili akamjibu, misumari midogo ikiwa imejaa midomoni: "Nikifa mimi, hizi sponji zitanizika."

"Haya, fundi. Nitapita tena wiki ijayo."

"Njia si yangu."

Ukweli ni kwamba alipita pale kwa ajili ya kigoda kuliko kwa ajili ya bima. Ilikuwa sehemu pekee ambayo mtu hakumkimbia.

Sasa ikatokea siku moja, mwezi unaelekea ukingoni, naye hajauza hata mkataba mmoja. Mume wake alikuwa dereva wa lori, yuko safarini. Nyumbani alikuwepo mama mkwe wake pamoja na binti yao mdogo, na unga ulikuwa umebaki wa kukwangua. Alikuwa ametembea tangu asubuhi. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeachana na kiatu, kila hatua inapiga chapa! chapa! kama mtu anayempigia makofi ya kejeli. Alifika kwa Pilipili, akakaa, akaanza maneno yake.

Pilipili alitema misumari kwenye kiganja, akachukua kopo la gundi ya sponji, akapiga goti mbele yake na kunyoosha mkono. "Lete hicho kiatu."

Mama Bima akampa huku akiendelea kueleza mafao ya mwenye bima. Fundi akapaka gundi, akapuliza, akaibana soli kwa kibano cha mbao kama vile anashughulikia kochi la waziri. Kisha akajifuta mikono.

"Lete na hiyo fomu niweke sahihi."

Moyo ulimruka. Mwaka mzima! Akaingiza mkono mkobani, lakini kabla hajaitoa fomu akasita.

"Fundi, umenielewa lakini?"

"Sijaelewa hata neno moja. Lete."

"Sasa kwa nini leo?"

Pilipili akakiangalia kile kiatu. "Kiatu chako kimefungua mdomo, mwanangu. Kinaomba chakula. Mimi nimezeeka, siwezi kumtazama mtu akitembea namna hii kila wiki nikakaa kimya."

Mama Bima akabaki na fomu nusu ndani, nusu nje ya mkoba. Akamtazama yule mzee. Mke alikwisha kufariki zamani. Mtoto hawakujaliwa. Ndugu alionao walikuwa mbali na hawakumtafuta. Bima ya maisha ni ya mtu mwenye wa kumwachia. Huyu angekuwa anakatwa kila mwezi mpaka anakufa, na mwisho wake hayupo wa kupokea. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza alipokaa kwenye kigoda. Sahihi ile ingemwokoa mwezi ule. Ilikuwa pale, mkono umeshanyooshwa, kalamu imeshashikwa.

Akairudisha fomu mkobani.

"Sikuuzii, fundi."

"Unasema?"

"Hiki kitu hakikufai. Huna wa kumwachia. Utalipa bure."

Pilipili uso ukamwiva. "Mwaka mzima umenigandia kama gundi! Leo nakubali, unakataa wewe? Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Hata mimi sijui," Mama Bima akasema, na mara akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi katikati bila kumwomba ruhusa. Pilipili alichanganyikiwa. Hakuna fundi aliyefundishwa kushona hali kama ile. Akampa kitambaa alichokuwa amekikata kwa ajili ya mto wa kochi, kitambaa kizuri cha rangi ya samawati, ajifute uso. Akakaa chini mbele yake, akangoja gundi ikauke.

Alipofika nyumbani alimkuta mama mkwe anachambua mchele mlangoni, mjukuu akiwa amelala kwenye mkeka karibu yake. Akamwamkia, akakaa. Kisha akasema kwa haraka, kabla ujasiri haujamtoroka:

"Mama, naacha kazi."

Bibi akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalirusha nje. "Umepata nyingine?"

"Sijapata."

"Mume wako anajua?"

"Nitampigia jioni akisimama kula."

Bibi akauweka ungo chini. "Mwanangu, nikwambie. Kila siku nilikuwa natamani kumwomba Mungu uiache kazi ile. Lakini nilikuwa naogopa kuomba, asije akaniuliza mtakula nini." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Sasa umeshaamua mwenyewe, mimi simo. Tutakula tutakachokipata. Niliolewa kwenye nyumba isiyo na mlango nikanenepa, nitakonda leo?"

Mume alipopigiwa alisikiliza mpaka mwisho, lori likinguruma nyuma yake. Halafu akasema, "Pumzika kwanza, mke wangu. Miguu yako inanidai msamaha mimi, maana mimi ndiye niliyekwambia uvumilie." Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo yalimtosha mkewe kulala usingizi mzito.

Kilichobaki kilikuwa Kamanda, na hicho ndicho kilichokuwa kizito. Wenzake walimshauri kwa simu: zima laini, usitokee, ndivyo wote wanavyofanya. Lakini alimkumbuka yule mama na kile kiti kitupu. Mtu aliyekupa sauti huwezi kumwachia kimya. Asubuhi akavaa vizuri, akaenda mapema kabla ya makofi, akamkuta Kamanda kwenye jiko dogo la ofisi anangoja maji yachemke.

"Kamanda, shikamoo. Nimekuja kuaga."

Kamanda hakugeuka. Aliyaangalia yale maji mpaka yakachemka, akamimina vikombe viwili, akaweka majani, akasukuma kimoja upande wake. "Umechelewa."

"Kuaga?"

"Kuacha. Nilikuwa nakungoja tangu mwaka jana." Sasa akageuka, na macho yake hayakuwa makali. "Wewe mtu akianza kukueleza shida zake, unamsikiliza mpaka unasahau kumuuzia. Nimekufuata nyuma mara mbili, nikajionea. Ulikaa na yule mama anayeumwa mgongo mchana kutwa, ukaondoka bila kitu, tena unamwambia asante! Nilitaka kukuzaba kofi." Akanywa chai. "Kisha nikajiuliza, mimi mara ya mwisho kumsikiliza mtu hivyo ni lini?"

"Nisamehe, Kamanda. Najua nikiondoka na wewe unapungukiwa."

"Nitapungukiwa, ndiyo. Sitakudanganya kwamba sitapungukiwa. Ila kitu kimoja nisikilize vizuri. Usitoke hapa ukidhani ulikuwa tapeli. Mke wa mchomeleaji unamkumbuka?"

Alimkumbuka, angemsahau vipi? Mchomeleaji yule alinunua bima mwaka wa kwanza ili tu Mama Bima amwondokee mlangoni. Alipofariki, mkewe hakujua hata pa kuanzia. Mama Bima alizunguka naye ofisi hadi ofisi, kazi isiyo na kamisheni hata chembe, mpaka mafao yakatoka. Watoto hawakutolewa shule. Yule mama alifungua genge kubwa la mboga na mpaka leo, ukipita, hakuruhusu uondoke mikono mitupu.

"Basi," Kamanda akasema. "Ile ni kazi ya mikono yako. Ondoka nayo."

Wakatoka. Mawakala walikuwa wameshasimama kwa duara. Mama Bima alitaka kupita pembeni ya ukuta, lakini Kamanda alimshika kiwiko, akamsukuma katikati.

"Huyu anatuacha," alisema kwa sauti ya amri. "Amekuja kuniambia usoni. Katika miaka yote niliyosimama hapa, ni wa kwanza. Mpigieni makofi, na msipige kama watu wenye homa."

Wakapiga. Walipiga mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mama Bima alisimama katikati, mikono imemning'inia, hajui aiweke wapi, na moyoni hakukuwa na uchungu hata kidogo. Miaka mitatu alifikiri ameipoteza. Lakini alipotazama zile nyuso akaona kila mmoja amewahi kumgawia maji, au nauli, au utani wa kumfikisha jioni. Akasema "Asanteni," akaona haitoshi, akasema tena, akaona bado haitoshi, akaacha.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, tusiseme uongo. Aliuliza kazi huku na kule. Kwingine walitaka vyeti, kwingine walitaka mtu mwenye umri mdogo. Mke wa mchomeleaji alileta mboga akasema zimezidi, ingawa hazikuwa zimezidi. Bibi alipika uji asubuhi na uji jioni na kuuita kwa majina tofauti ili mjukuu asichoke.

Siku moja alipita kwa Pilipili kumrudishia kile kitambaa cha samawati, amekifua na kukipiga pasi. Kabla hajafika alisikia kelele. Mlangoni alisimama mwalimu mmoja, mwanamke mnene wa miwani, anatetemeka kwa hasira.

"Uliniambia wiki iliyopita! Na wiki ya kabla yake!"

"Na wiki ijayo nitakwambia tena," Pilipili alinguruma. "Kochi si maandazi!"

"Nipe makochi yangu yalivyo, niyapeleke kwa fundi mwenye adabu!"

"Chukua! Adabu uikalie!"

Mama Bima alijikuta keshaingia katikati. Hakupanga. Alivuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akamwambia yule mwalimu, "Mwalimu, pole. Kaa kwanza. Unayahitaji kwa ajili ya nini?"

Mwalimu alifungua mdomo apige kelele, akaona hakuna wa kumpigia. Akakaa. Na likatoka jambo ambalo Pilipili hakuwahi kulisikia, kwa sababu hakuwahi kuuliza: dada yake mwalimu alikuwa anatoka hospitali kesho yake, amepasuliwa nyonga, na hawezi kukaa chini wala kwenye kiti kigumu. Nyumba nzima haina pa kumkalisha.

Pilipili alikuna kichwa kwa mpini wa nyundo.

"Sasa si ungesema," alisema kwa sauti ya chini.

"Ungesikia?" mwalimu akamuuliza.

Mama Bima akageukia kochi moja kubwa lililokuwa pembeni, lile ambalo fundi alilitengeneza kuonyesha wateja kazi yake. "Fundi, na hili je? Si anaweza kuliazima mpaka ya kwake yaishe?"

Pilipili alilitazama kochi lake kama mtu anayeombwa atoe figo. Akamtazama mwalimu. Akakohoa. "Lina mikono mirefu," akasema hatimaye. "Mgonjwa atapata pa kushikia akiinuka. Nitalileta mwenyewe kwa mkokoteni."

Mwalimu alipoondoka, ametulia na ameshalipia vitambaa vya seti nyingine kabisa, Pilipili alikaa akigonga msumari mmoja uliokuwa umeshazama zamani.

"Wewe una shughuli gani siku hizi?"

"Sina, fundi. Niliacha."

"Basi kaa pale mlangoni uongee na watu. Mimi niachie misumari."

Mama Bima alikuwa na swali moja, naye aliogopa jibu lake. "Nisipopata mteja je?"

"Unaniuliza nini?"

"Mwezi ukiwa mbaya, asije mtu. Nitapata nini?"

Pilipili akamkazia macho kama hajaelewa lugha. "Wateja wasipokuja ni shida ya karakana. Mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi."

Alilirudia neno hilo njia nzima kurudi nyumbani: mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Kwa mtu mwingine ni maneno ya kawaida kabisa. Bibi alipoyasikia aliacha kukoroga uji, akanyanyua mwiko juu na kupiga kigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Alipotulia kazini, Jumapili moja mchana Mama Bima alimchukua binti yake wakaenda kumtembelea mjomba. Mjomba huyo ndiye kaka wa pekee wa marehemu mama yake, naye alimpenda sana, ila kwa zaidi ya mwaka hakuwahi kumkuta nyumbani. Kila akifika, ametoka sasa hivi. Safari hii alipobisha hodi alisikia vishindo vya mtu anakimbia uani, kisha mlango wa choo ukafungwa kwa komeo.

Mke wa mjomba alimfungulia, uso umejaa aibu. "Karibu, mwanangu. Mjomba wako… ametoka sasa hivi."

"Ametokea upande wa chooni?"

Yule mama alijikaza, akashindwa, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mama Bima akapita hadi uani, akasimama mbele ya mlango wa bati.

"Shikamoo, mjomba."

Sauti nyembamba ikatoka ndani: "Marahaba. Tumbo linanisumbua kidogo, mama."

"Mjomba, toka. Niliacha kazi. Siuzi bima tena."

"Hunidanganyi?"

"Sina hata mkoba. Chungulia."

Jicho likatokea kwenye tundu la bati, likampima juu mpaka chini. Komeo likavutwa. Mjomba akatoka ameinamisha kichwa kama mwanafunzi, mzee mzima wa mvi, na Mama Bima akamkumbatia pale pale uani kabla hajanawa mikono.

Walikaa sebuleni mchana mzima. Mjomba alieleza habari za magoti yake, za kiwanja chake, za mama yake Mama Bima alipokuwa msichana mkorofi anayepanda miti. Hadithi nyingine alikuwa hajawahi kuzisikia. Alizipokea moja moja na kushukuru kimya kimya kwamba hakuna mahali anapowahi na hakuna neno analosubiri kulichomeka. Binti yake alilala kwenye paja la mjomba, mdomo wazi.

Jua lilipoanza kupungua, mjomba akakuna kidevu.

"Hebu nieleze lakini. Hivi hiyo bima yenyewe hasa ni kitu gani?"

Mama Bima akacheka, kisha akamweleza. Alieleza polepole, mwanzo hadi mwisho, palipo na faida na palipo na mitego, maana sasa hakuwa na haja ya kuficha upande wowote. Mjomba alisikiliza huku macho yanazidi kupanuka. Alikuwa na mke, na wajukuu wawili yatima aliokuwa akiwalea.

"Mbona ni kitu cha maana!" akafoka. "Miaka yote hii kwa nini hukuniambia?"

Mke wake alimrushia mto.

Mama Bima alitoa simu akatafuta namba ya Kamanda. Iliita mara mbili tu.

"Kamanda," akasema, "shikamoo. Nina mtu hapa, anataka umweleze mwenyewe. Ni mjomba wangu. Hapana, mimi sitaki kamisheni. Njoo tu, na uje na njaa, huku wanapika."